Pikapu ya umeme ya bei nafuu, Hilux ya diseli au kigari cha petroli: lipi likufae Uganda?

Shemeji yangu hupakia kabichi na vitunguu Kapchorwa na kuvishusha Mbale. Kwa miaka sita amekuwa akikodi gari la mtu, na sasa SACCO yao imekubali kumkopesha anunue lake. Wiki iliyopita alinijia na simu mkononi, video ya pikapu ya Kimarekani ikiwa imesimamishwa kwenye skrini: rangi ya kijivu, vioo vya kuzungusha kwa mkono, hakuna redio, hakuna skrini kwenye dashibodi, na hakuna tangi la mafuta.

"Shemeji, hii ndiyo yangu," akaniambia. "Vitu vyote nisivyovitumia wameshaviondoa."

Nilimwelewa. Mtu wa kabichi hana haja na kiti cha ngozi. Lakini kumkopesha mtu ushauri ni sawa na kumkopesha pesa, kwa hiyo nilikaa siku mbili na kalamu kabla ya kumjibu. Haya ndiyo niliyoyapata, na nayaandika kwa ajili ya kila mtu aliyekwama kati ya magari haya matatu: pikapu ya umeme isiyo na mbwembwe, Hilux ya diseli ya mtumba, na kigari kidogo cha petroli aina ya TownAce au Suzuki Carry.

Hilo gari la kwenye video

Linaitwa Slate. Kampuni yake ni ya Michigan, Marekani, na ililionyesha hadharani Aprili 2025. Kiwanda kiko Warsaw, jimbo la Indiana, ndani ya jengo lililokuwa la uchapishaji. Lina viti viwili na mota moja inayosukuma magurudumu ya nyuma. Bodi yake ni ya plastiki ngumu isiyopakwa rangi, na hapo kampuni imeokoa gharama ya karakana nzima ya rangi. Betri ya kawaida ni ya kilowati-saa 52.7, yaani uniti 52.7 kama zile tunazonunua kwenye Yaka, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, na inakadiriwa kulipeleka gari kilomita 240. Betri kubwa ni ya uniti 84.3, kilomita 385 hivi. Mzigo wake ni kama kilo 650.

Bei iliyovutia dunia ilikuwa "chini ya dola 20,000". Hesabu hiyo ilikuwa tayari imetoa punguzo la kodi la serikali ya Marekani la dola 7,500. Punguzo hilo liliondolewa 30 Septemba 2025, na tangu hapo bei inayotajwa iko kwenye dola 25,000 hivi. Sisi huku punguzo lile halikutuhusu tangu mwanzo.

Jambo jingine: Slate ina usukani wa kushoto, na Uganda tunaendesha kwa usukani wa kulia. Kwa hiyo jina lake nalitumia kama kipimo cha aina hii ya gari. Anayetaka pikapu ya umeme huku atafute za usukani wa kulia. Wachina wanazo, Riddara RD6 ya kundi la Geely ni mojawapo, na Toyota wameunda Hilux ya umeme Thailand, nchi inayoendesha upande mmoja na sisi. Hizo zina mbwembwe kuliko Slate, na bei yake inaonyesha.

Vigezo kabla ya magari

Nilimwambia shemeji tusiangalie gari kwanza. Tuulize maswali haya, na kila gari liyajibu yote: Pesa ya kuanzia ni ngapi? Kila kilomita inakula shilingi ngapi? Gari linalala wapi, na linajazwa vipi? Linabeba nini, kwenye njia gani? Likiharibika, nani analishika, na siku ya kuliuza nani atalinunua?

Swali la tatu ndilo watu wengi hulisahau, na kwangu ndilo linaloamua mambo mengi kuliko yote.

Pesa ya kuanzia

Kigari cha petroli ndicho cha bei ya chini kabisa kati ya hivi vitatu, na hakuna ubishi hapo. Hilux ya mtumba iko juu yake mbali, maana jina la Toyota Hilux Uganda ni kama akiba ya benki, hata likiwa kuukuu. Kumbuka pia kwamba tangu sheria ya 2018 gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe haliingizwi tena nchini, na magari makuukuu yaliyo chini ya umri huo hutozwa ushuru wa mazingira. Muulize wakala wa forodha mwaka wa gari kabla hujauliza rangi.

Pikapu ya umeme mpya ndiyo ghali zaidi ya zote. Chukua dola 25,000: kwa kiwango cha shilingi 3,600 kwa dola, hiyo ni milioni 90 kabla ya meli, kabla ya lori la kutoka Mombasa, kabla ya ushuru wa forodha na VAT ya 18%. Neno "nafuu" lina maana mnunuzi wa Marekani akiilinganisha na pikapu nyingine mpya za kwao. Ukiileta kwenye yadi ya magari ya mtumba ya Kampala, unafuu huo unayeyuka. Na ongeza chaja ya ukutani na fundi umeme wa kuifunga.

Pesa ya kila siku

Hapa umeme unajibu kwa sauti. Nimetumia namba za mviringo ili nawe uweze kuzibadilisha kwa bei ya siku yako: mafuta shilingi 5,000 kwa lita, umeme wa nyumbani shilingi 800 kwa uniti.

Pikapu ya umeme ya ukubwa huu hula kama uniti 22 kwa kilomita 100. Weka na zile zinazopotea wakati wa kuchaji, sema 25. Hiyo ni shilingi 20,000. Hilux ya diseli yenye mzigo, lita 10 kwa kilomita 100: shilingi 50,000. TownAce, lita 8 au 9, iko kwenye 40,000 hadi 45,000. Suzuki Carry ya injini ya cc 660 hula kidogo kuliko zote za mafuta, labda lita 6, shilingi 30,000, lakini inabeba kilo 350 tu kwa kipimo cha kiwanda.

Kwa hiyo umeme dhidi ya Hilux unaokoa shilingi 300 kwa kila kilomita. Sasa tuseme pikapu ya umeme imekuzidi Hilux kwa milioni 45 siku ya kununua. Gawanya: ni kilomita 150,000 kabla pesa yako haijarudi. Anayetembea kilomita 30 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, atangoja karibu miaka 17. Anayetembea 100 kwa siku atangoja miaka mitano. Shemeji yangu anayekwenda Kapchorwa na kurudi, kama kilomita 130, atafika hapo kabla ya mwaka wa nne kwisha.

Unaona jinsi gari lilelile linavyokuwa hasara kwa mmoja na mkombozi kwa mwingine? Bei ya gari ni ileile. Kilichobadilika ni kilomita.

Ziko na akiba ndogondogo: gari la umeme halina oili ya injini ya kumwaga, wala chujio la diseli, wala mkanda wa taimingi. Nimeziacha nje ya hesabu kwa sababu riba ya SACCO nayo nimeiacha nje, na riba ni kali kuliko oili. Anayenunua kwa mkopo arudie hesabu hii akiwa na karatasi ya mkopo mezani.

Gari linalala wapi?

Hilux ikilala popote, asubuhi inakwenda kituo cha mafuta na baada ya dakika tano ina safari ya kilomita 700 au zaidi. Kigari cha petroli vivyo hivyo, ila tangi lake ni dogo. Hakuna zaidi la kusema.

Pikapu ya umeme inataka kulala nyumbani, karibu na mita, mahali penye geti. Soketi ya kawaida ya ukutani hutoa kama kilowati 2.5 bila kuchoka. Ukitembea kilomita 100 unadaiwa uniti 25, na soketi hiyo itazirudisha kwa saa 10: saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Vizuri kabisa, hadi usiku ambao stima inakatika kwa saa nne. Usiku huo umepoteza uniti 10, na uniti 10 ni kilomita 40 za kesho.

Kwa kilomita 130 za shemeji soketi haitoshi tena. Anadaiwa uniti 32 na zaidi, ambazo ni saa 13, na yeye huondoka saa kumi alfajiri. Itabidi afunge chaja ya kilowati 7, inayomaliza kazi hiyo kwa saa tano. Kwa chaja hiyo nyaya za nyumba lazima ziangaliwe na fundi mwenye leseni. Nyumba nyingi za kupanga Mbale zina mita moja na waya mwembamba unaowaka moto kwa pasi na jiko vikiwashwa pamoja. Usijaribu hapo.

Na kama unapanga? Mwenye nyumba wangu wa zamani aligawa bili kwa kuhesabu taa. Gari la umeme katika ua wa namna ile lingezua kesi ndani ya wiki moja. Anayepanga chumba, anayeegesha barabarani, au anayelipa askari wa kituo cha mafuta amlindie gari usiku, huyo pikapu ya umeme bado haimfai, hata apewe kwa nusu bei. Vituo vya kuchaji magari ni vichache, na Kampala imetutangulia mbali sisi wa mashariki. Pia angalia umbo la plagi: ya Slate ni ya Kimarekani, tofauti na za Ulaya na za China. Gari lenye plagi isiyolingana na chaja ya mjini ni sawa na simu yenye chaja iliyopotea.

Kuhusu umeme wenyewe, Uganda hatuna uhaba wa kuuzalisha. Bujagali inatoa megawati 250, Isimba 183, na Karuma yenye megawati 600 ilizinduliwa rasmi Septemba 2024. Shida iko kwenye nguzo, transfoma na nyaya zinazoufikisha mtaani, kazi ambayo UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme, iliichukua Aprili 2025 mkataba wa kampuni binafsi ya Umeme Limited ulipokwisha. Kabla hujanunua, andika kwenye daftari kwa mwezi mmoja kila saa stima inapokatika kwako. Daftari hilo lina thamani kuliko ahadi ya muuzaji yeyote.

Mzigo na njia

Kilo 650 ni magunia sita ya mahindi ya kilo mia mia, na dereva. Hilux inabeba tani moja hivi kwa karatasi, na kwa macho yetu inabeba zaidi, jambo nisilolipendekeza. TownAce iko katikati, kilo 750 hadi tani kulingana na toleo, na ina kitu ambacho wenzake hawana: sakafu ya chini na mbao za pembeni zinazofunguka pande tatu. Mwangalie mama wa matoke akipakia TownAce. Anasimama chini, anainua mkungu hadi kiunoni, anausukuma ndani. Kwenye Hilux mkungu huohuo lazima upite juu ya ukingo wa bodi, karibu na kifua, mara arobaini asubuhi moja. Mgongo wake unajua tofauti ambayo hakuna tangazo linaloitaja. Pikapu ya umeme ya aina ya Slate nayo ina bodi yenye kingo, fupi, ya mita moja na nusu hivi.

Njia ya Kapchorwa ndiyo iliyonishangaza kwenye hesabu. Ukiacha Muyembe barabara inaanza kupanda kuelekea Sipi, na hadi Kapchorwa umeinuka zaidi ya mita 700. Nilidhani mlima utaimaliza betri. Lakini shemeji hupanda gari likiwa tupu na hushuka nalo likiwa limejaa. Kupanda kwenyewe, ukiacha msuguano wa kawaida wa barabara, kunadai kama uniti tatu na nusu tu. Kushuka na kilo 600 za kabichi mota inageuka dainamo: uzito wa mzigo unaizungusha, inarudisha sehemu nzuri ya nguvu ile kwenye betri, na wakati huohuo inalizuia gari. Anayeijua harufu ya breki zilizoungua kwenye mteremko ule ataelewa kwa nini nililirudia jambo hili mara mbili kwa shemeji. Kahawa ya Bugisu nayo husafiri hivyohivyo, kutoka juu kuja chini. Anayepeleka saruji na mabati kutoka Mbale kwenda juu, kwake hesabu inageuka: mzigo wake unapanda.

Ila hayo yote ni ya lami. Ukitoka kwenye lami kuingia vijiji vya mlimani wakati wa mvua, udongo ule mwekundu unateleza kama sabuni. Hilux yenye nguvu kwenye magurudumu manne inapita. Pikapu ya umeme inayosukuma nyuma tu itakwama, na TownAce itakwama kabla yake, ingawa vijana watano wanaweza kuisukuma TownAce ikatoka. Mbale hatujasahau mafuriko ya mwisho wa Julai 2022. Betri iko chini ya sakafu na imefungwa ili maji yasiingie, lakini hakuna gari la kuingiza kwenye mto uliofurika, na lenye betri ya mamilioni tumboni nitalirudisha nyuma mapema zaidi.

Kwa safari ndefu, Mbale hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 220. Betri ya kilomita 240 ina kilomita 240 gari likiwa tupu na mpya. Ukipakia na ukiwa na haraka, mimi ningehesabu 180. Kampala kwa siku moja, kwenda na kurudi, ni kazi ya Hilux.

Fundi, spea na siku ya kuuza

Pikapu yangu ya kwanza ilikuwa ya diseli, kutoka yadi moja ambayo sitaitaja. Mita ilisoma kilomita 98,000. Mwezi wa nne nozeli zikafa, moja baada ya nyingine, na fundi alipofungua injini akanionyesha silinda zilizoliwa: gari lile lilikuwa limekwenda mara tatu ya zile kilomita. Nililipa zaidi ya nilichokuwa nimeweka kwa karo ya muhula ule. Kwa hiyo msomaji asidhani diseli ya mtumba haina hatari. Ina hatari, ila hatari yake kila gereji inaijua, na spea, mpya au za kuchinjwa, utazipata hata Soroti.

TownAce na Carry ni rahisi zaidi kutengeneza. Injini iko chini ya viti, fundi anainua kiti na kuanza kazi.

Gari la umeme lina vipande vichache vya kuharibika, na hali ya hewa yetu ya nyanda za juu, isiyo na joto kali, inaifaa betri. Mafundi wanaongezeka: Kampala bodaboda za umeme za kubadilisha betri zina miaka kadhaa barabarani, na Kiira Motors wanaunda mabasi ya umeme ya Kayoola, kiwanda kiko Jinja. Lakini fundi wa kufungua betri ya pikapu yenye volti mia kadhaa Mbale sijakutana naye. Makampuni mengi hutoa dhamana ya betri ya miaka minane au kilomita 160,000. Dhamana hiyo inafanya kazi mahali kampuni ilipo na wakala. Ukijiletea gari mwenyewe kupitia mtu wa Dubai, karatasi ile ni ya kufungia karanga.

Siku ya kuuza, Hilux inaondoka kabla ya jua kuzama. TownAce nayo haikai. Pikapu ya umeme bado haina soko la mkono wa pili hapa, na mnunuzi atakuuliza afya ya betri. Uwe na mashine ya kuisoma na karatasi ya kumwonyesha.

Linamfaa nani

Pikapu ya umeme inamfaa mwenye nyumba yake yenye geti, njia ileile ya lami kila siku kati ya kilomita 80 na 150, mzigo usiozidi kilo 600, na wakala wa gari hilo anayefikika. Shule, hospitali za misheni, viwanda vya maziwa na mikate, kampuni zenye magari yanayorudi uani kila jioni: hao ndio ningewaambia wachukue hesabu hii kwa uzito. Wenye sola kubwa juu ya paa na gari linaloshinda uani mchana wana sababu ya ziada.

Hilux inamfaa asiyejua kesho ataitwa wapi. Mkandarasi, mnunuzi wa kahawa anayeingia vijijini wakati wa mvua, anayevuka Busia leo na kwenda Moroto keshokutwa.

Kigari cha petroli kinamfaa anayeanza, anayezunguka sokoni na mitaani kilomita 20 au 40, anayesimama mara thelathini kwa siku. Kilomita zake ni chache mno kurudisha bei ya gari la umeme, na pesa anayobaki nayo ni mtaji wa bidhaa.

Neno kwa anayependa ule ukavu wenyewe, gari lisilo na mbwembwe: ukavu hauhitaji umeme. Mwishoni mwa 2023 Toyota walizindua Thailand Hilux Champ, pikapu kavu ya petroli au diseli yenye bodi bapa, kuanzia baht 459,000. Muulize mwagizaji wako kama anaweza kuipata, kodi ikiwemo.

Kwa hali yako

Unapanga nyumba: petroli au diseli, kisha ulizia umeme siku ukihamia kwako. Unatembea chini ya kilomita 40 kwa siku: kigari cha petroli. Kati ya 40 na 80: fanya hesabu ya riba kwanza, maana hapo jibu linaweza kuangukia popote. Zaidi ya 80 kwenye lami, unalala kwako, stima yako imepita mtihani wa daftari: nenda ukaijaribu pikapu ya umeme, na ujaribu ikiwa na mzigo wako ndani, njia yako yote. Njia yako ni tope au haitabiriki: Hilux, na upeleke fundi wako yadini kabla ya kutoa shilingi moja. Una magari mawili au matatu tayari: la umeme liwe la njia ya kila siku, la diseli libaki kwa safari za dharura.

Na shemeji? Anamiliki nyumba, geti lipo, kilomita zinatosha, mzigo unashuka mlima. Kilichobaki ni wakala wa karibu na ile milioni 45 ya ziada juu ya riba ya SACCO. Nilimpa daftari. Tangu Jumatatu anaandika saa za stima kukatika, na amekubali kukodi gari mwezi mmoja zaidi.